Msibani Hakuna Hodi

Wallahi haya ni kweli, na Mungu wa Wakatoliki naye ni shahidi, maana mwenye kisa alibatizwa Peramiho. Asiyeamini na apande Kitulo, kule juu ambako ukungu hulala mchana kutwa kama ng'ombe aliyeshiba, aulize kituo kilipo. Hatakiona, kwa sababu kiko chini ya ardhi. Lakini kutokukiona si ushahidi kwamba hakipo. Hata ini lako hujawahi kuliona.

Chini ya ardhi hiyo, miaka ile joto lilipokausha mito ya kusini hadi mamba wakahamia barabarani, walilazwa watu wa mji mzima wa Namakoro. Miili yao ilipangwa kwenye vitanda vya baridi. Akili zao zikaingizwa ndani ya mashine, na humo ndani wakajengewa Namakoro nyingine, yenye kisima chake, mitaa yake na mbwa wake, waishi hadi mvua zikumbuke njia ya kurudi. Nje akabaki mlinzi mmoja. Jina lake Leokadia Gama, Mngoni, fundi wa viini vya mifumo endeshi, yaani ule moyo unaoiendesha mashine, mke wa Shamte Likunda. Shamte alikuwa Mngindo, naye alikuwa miongoni mwa waliolala.

Upweke wa Leokadia haukuwa wa kukosa watu. Watu alikuwa nao tele, safu kwa safu, nyuma ya vioo vyenye umande. Kila asubuhi alipita akifuta vioo kwa mkono wa sweta, na akifika kwa Shamte alikawia. Shamte alilala mdomo wazi kama alivyolala siku zote. Zamani Leokadia alikuwa akimpiga kiwiko kwa kukoroma. Sasa angetoa jino zima, tena la mbele, apate mkoromo mmoja tu.

Kuzungumza walizungumza. Tatizo lilikuwa mwendo. Siku moja alimuuliza kwa kipaza sauti, "Umeamkaje, baba?" Akaenda kupanda viazi. Akapalilia. Akavuna. Akakaanga, akala, na alipokuwa akisugua kikaango ndipo sauti ya mumewe ilipotoka ukutani:

"Salama tu. Mbona unauliza haraka haraka hivyo, kuna nini?"

Alicheka. Halafu akaketi sakafuni akalia, kwa sababu alikuwa amepiga hesabu ambayo siku zote aliikwepa. Kwa mwendo ule, maongezi ya jioni moja yangemfikisha uzeeni. Yeye angekuwa ajuza asiye na meno ya kutoa, na Shamte angekuwa bado anamsimulia alichokula mchana.

Chanzo kilikuwa kufuli.

Waliojenga ile mashine waliogopa watu wawili wasije wakashika kitu kimoja kwa wakati mmoja, kikombe kikawa mezani na mkononi kwa pamoja, dunia ikapasuka. Woga huo si wa kijinga. Dawa waliyotia ndiyo iliyokuwa ya kijinga: waliweka kufuli moja na ufunguo mmoja kwa mji mzima. Mtoto wa mtaa wa juu akitaka kuokota kokoto, anashika ufunguo. Wakati huo wote waliobaki, hata anayetaka kupiga chafya tu, wanasimama nje wakiita hodi. Na hawaiti kama watu waliolelewa, mara tatu kisha ukaondoka. Wanaita bila kumeza mate, hodi hodi hodi hodi, maelfu ya midomo, na huko kuita kwenyewe ndiko kulikokula nguvu ya mashine. Humo ndani hakuna aliyehisi kitu. Mtu aliyegandishwa hajui kwamba amegandishwa. Hujua tu kwamba nje mke wake anazeeka kwa kasi ya ajabu.

Basi Leokadia akashika kiini, akaanza kukitengeneza.

Kwanza aliwafundisha wanaosubiri adabu. Ita mara tatu. Usipofunguliwa, keti barazani ulale, na anayetoka atakuamsha. Mashine ikapoa. Kisha akalivunja lile kufuli kubwa, kila nyumba ikapata la kwake, halafu kila chumba, halafu kila chungu. Majibu ya Shamte yakaanza kufika kabla viazi havijachanua.

Hatimaye akagundua jambo lililomfanya ajipige kofi la paja. Watu, sehemu kubwa ya maisha yao, hawabadilishi chochote. Wanatazama tu. Wanamtazama jirani, wanatazama mawingu, wanatazama sufuria ichemke. Mtazamaji, ufunguo wa nini? Mwache atazame. Anayetaka kubadilisha kitu ndiye ajisumbue: asikiguse kinachotazamwa, atengeneze nakala mpya pembeni, kisha ageuze kibao cha njia kielekee kwenye mpya. Wajao watafuata kibao. Waliokuwa wakitazama ya zamani waachwe mpaka wageuze macho wenyewe, na wa mwisho akishageuka, ndipo ufagio upite. Sheria ni hiyo moja, nayo haina mjadala: usifagie kitu ambacho bado kuna jicho juu yake. Ukifagia, jicho linabaki likitazama pasipo na kitu, na akili iliyo nyuma ya jicho hilo inatumbukia, hairudi.

Kwa njia hiyo hiyo akaujenga upya mji mzima. Namakoro mpya, yenye makufuli mepesi, ikasimama pembeni ya ile kuukuu. Kibao kikageuzwa. Kila mtu, alipovuka kizingiti cha nyumba aliyokuwamo, alijikuta ameingia mlangoni mwa mji mpya, na hapo akasimama kimya akisubiri, kwa kuwa mashine haikuwa na nguvu ya kubeba miji miwili kwa pamoja. Ule kuukuu ukishafagiliwa, ule mpya ungeamka. Na humo, dakika ingekuwa dakika.

* * *

Siku ya kufagia, Leokadia alivaa kitenge chake cha sikukuu, akachana nywele, akaketi mbele ya kipaza sauti kama bibi harusi. Taa ya ufagio haikuwaka. Alisubiri ikawa mchana, ukungu ukaja, ukungu ukaondoka. Mashine ilimwambia kwamba katika mji kuukuu limebaki jicho moja.

Akampigia simu ya upepo Injinia Kiwale, mkuu wake, aliyekuwa mjini kule bondeni.

"Ni nani huyo?" Injinia akauliza.

"Bibi mmoja wa mtaa wa kisimani. Bi. Somoe Mkwera. Amefiwa na dada yake."

"Amefiwa vipi, Dada Leokadia? Watu wanakufaje ndani ya mashine?"

"Mwili ulishindwa huku kitandani. Mwili ukishindwa, na huko ndani mtu anaondoka. Nilimzika mwenyewe, hapa nyuma, kwenye maua."

Injinia hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke.

"Pole. Hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ni kweli. Sasa sikiliza, dada yangu. Huyo bibi anaing'ang'ania nyumba. Mji mpya hauna chumba cha marehemu, na yeye amelijua hilo, wazee wana pua. Hatatoka. Na walioko mlangoni wanachujuka. Umeangalia vipimo?"

Aliviangalia. Akili iliyosimama bila kuishi hufumuka kama kitambaa kisichopindwa, kuanzia pembeni kwenda katikati. Watu wa Namakoro walikuwa wameshaanza kupoteza majina ya mitaa, ladha za vyakula vya utotoni, sura za walimu. Shamte alikuwa ameshapoteza njia ya kwenda shule aliyosoma. Leokadia angeweza kusogeza kidole akaona kinachofuata. Je, yeye mke alikuwa pembeni au katikati? Hakusogeza kidole.

"Weka mkasi," Injinia akasema. "Umkate huyo mmoja, ufagie, uwaamshe elfu tatu."

"Atatumbukia."

"Najua."

"Ni mtu, Injinia."

"Na hao mlangoni ni viti? Kesho jua likifika utosini, kama hujakata, nitakata mimi kutoka huku. Nafanya hivyo kwa ajili yako pia. Sitaki ukae huko juu peke yako maisha yako yote ukiutazama mkono wako."

Leokadia aliandika amri ya mkasi. Mstari mmoja tu, mfupi kuliko jina lake. Kilichobaki ni kubonyeza. Alikitazama kile kitufe kwa muda, na lililomtisha ni kwamba kidole chake kilikuwa na hamu. Kingebonyeza, na kabla hajahema Shamte angesema neno. Akaondoa mkono akaukalia, kama mtoto aliyekatazwa sukari.

* * *

Asubuhi aliamua kwamba mtu hakatwi kabla hajasikilizwa. Alifungua redio ya nyumbani kwa Bi. Somoe, ambayo ndiyo njia ya mlinzi ya kusema na wenyeji. Kimya. Akakumbuka: nyumba yenye msiba haifungui redio. Hiyo ya Bi. Somoe ilikuwa imezimwa na kufunikwa kanga. Basi akaipitisha sauti yake uani, nyuma ya jiko, kama jirani aliyekuja kuomba moto.

"Hodi wenyewe!"

"Nani huyo asiye na adabu? Msibani hakuna hodi."

Jibu lilifika papo hapo. Katika mji kuukuu hakukuwa tena na mwingine wa kugombania ufunguo, kwa hiyo maneno yalikwenda na kurudi kama mpira. Leokadia alishtuka hadi akamwaga chai. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kujibiwa na binadamu wa humo kabla hajafunga mdomo.

"Shikamoo, Bi. Somoe."

"Marahaba. Uko wapi, mbona sikuoni?"

"Niko nje ya dunia, bibi. Mimi ndiye mlinzi. Leokadia, mke wa Shamte."

"Aa. Yule Mngoni."

"Ndiye."

"Karibu. Chai sina, waliokwenda kuchota maji hawajarudi."

"Akina nani, bibi?"

"Wote! Tulikuwa tumejaa humu, hata pa kunyoosha mguu hapakuwapo. Binti Ngwale akasema, naenda kisimani narudi sasa hivi. Mama Chausiku akatoka kumtazama. Mwajabu akaenda kuni. Wa mwisho akaniambia, Bi. Somoe, nakwenda msalani tu. Sijui msala wenyewe uko Songea! Moto umezima. Nimekaa na majivu."

Leokadia alimwona katika kioo cha mashine, mwanamke mdogo wa umbo, amekaa mkekani katikati ya chumba kitupu, miguu ameinyoosha, mikeka mingine imetandikwa kumzunguka bila mtu juu yake.

"Bibi, na wewe mbona hukutoka? Unaogopa kuiacha nyumba ya dada?"

Bi. Somoe alisonya, msonyo mrefu uliopita chini ya ardhi yote ya Kitulo.

"Nyumba hii? Bati lake linavuja tangu lipigwe misumari. Mimi na marehemu hatukuwa na ugomvi mwingine ila bati hili. Ningeondoka juzi, mwanangu! Lakini mfiwa anajiinua mwenyewe? Uliona wapi? Mfiwa anainuliwa. Matanga hayajaanuliwa, jivu halijazolewa, mimi nisimame nijikung'ute makalio nijiendee, kama niliyekuwa nikingoja basi? Watu watasema nini?"

"Hakuna wa kusema. Wameondoka wote."

"Basi ndiyo maana nimekaa. Wakirudi wanikute mahali waliponiacha."

Hapo Leokadia akafumba macho, kwa sababu alikuwa ameliona kosa, na kosa lilikuwa lake. Alipokuwa akigawa makufuli alifika kwenye nyumba za msiba, akajiambia, nyumba hii kufuli la nini? Kwao Peramiho, na kwa Wangindo, na kote anakokujua, mtu huingia msibani bila hodi. Akaiacha wazi, na kazi ikawa nyepesi, akajisifu. Lakini nyumba isiyo na kufuli, kwa macho ya mashine, ni nyumba isiyo na shughuli. Mashine haikujua kwamba wale wanawake walikuwa wameshika jambo moja pamoja. Iliwahesabu kama wapita njia, kila mmoja na jicho lake, na kila aliyevuka kizingiti kufuata maji ikamhamisha salama, mmoja mmoja, mpaka mfiwa akabaki peke yake katikati ya mikeka. Bi. Somoe hakuwa ameing'ang'ania nyumba. Alikuwa ameachwa.

"Nitakuinua mimi," Leokadia akasema.

"Wewe nani yangu? Shangazi? Mkwe?" Sauti ya bibi ikapanda. "Hata wa kunitania sijamwona. Msiba wa Mngindo bila mtani, aibu gani hii? Dada yangu amekwenda kama paka. Na wewe Mngoni mzima umekaa huko nje ya dunia, unanipa shikamoo na pole pole kama mgeni wa serikali!"

Leokadia alikuwa amekaa kimya miaka mingi kiasi kwamba alisahau yeye ni nani kwa watu hawa. Wangoni na Wangindo! Babu zao walipigana hadi wakachoka, wakabaki wanataniana. Msibani, mtani ndiye mwenye ruhusa. Huingia akiwa amevaa sufuria kichwani, humsema marehemu, huiba kuku, huwachekesha wanaolia, na alisemalo hakuna wa kulikasirikia.

Lakini ulimi wake ulikuwa umeota kutu. Saa ukutani ilionyesha kwamba jua halikuwa mbali na utosi.

"Marehemu," akaanza, "marehemu alikuwa... alikuwa na miguu myembamba."

"Ndiyo utani huo?" akauliza Bi. Somoe. "Siku hizi Wangoni mnafundishwa na masista?"

Leokadia akasimama. Akavua sweta, akalifunga kichwani kama kilemba. Peke yake, chini ya ardhi, mbele ya waliolala elfu tatu, akajishika kiuno.

"Miguu myembamba kiasi kwamba nilipokuja kumzika nilidhani nimebeba mwavuli! Na uchoyo je? Nimemkuta amefumbata ngumi. Nikasema, huyu mama anakwenda na rozari. Nikafumbua. Chumvi! Chumvi ya kuazimwa, ya kwenu Wangindo, mnazaliwa nayo mkononi, mnazikwa nayo!"

"Mshenzi we!" Bi. Somoe akapiga kofi la mkeka. Bega lake lilikuwa linatikisika.

"Kaburi nililomchimbia ni refu, lakini nimeambiwa amelilalamikia. Anasema bati linavuja!"

Bi. Somoe akacheka. Alicheka kwa sauti ya kukauka, kama mlango wa ghala, kisha kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka kicheko tena. Huku nje Leokadia naye alikuwa anafanya vivyo hivyo, na alipoisikia sauti yake ikigonga kuta, aligeuka kutazama ni nani mwingine aliyeko.

Kwenye kona ya chumba kulikuwa na kinu cha marehemu, cha mti mweusi, chenye ufa wa ubavuni. Nyumba isiyo na kufuli haimsumbui mwizi. Leokadia alishatengeneza nakala ya kinu mlangoni mwa mji mpya. Kilichobaki ni kukifagia hiki. Lakini jicho la Bi. Somoe lilikuwa juu yake.

"Bibi, hebu tazama dirishani! Mbuzi wa nani yule anakula kanga yako?"

Bibi akageuka. Ufagio ukapita. Alipogeuka tena, kona ilikuwa tupu.

"Kinu kiko wapi?"

"Kinu gani?"

"Cha dada! We mwizi! We mwana wa mwizi, mjukuu wa mwizi! Mlituibia ng'ombe, mkatuibia mahindi, sasa mnaiba hadi vinu vya maiti!"

"Njoo ukikomboe. Nimekiweka mji mpya, barazani. Nakikalia hapa, na makalio yangu ni mazito, ufa wake unaongezeka. Inuka, Bi. Somoe. Mtani amekuinua."

Mwanamke yule akaweka viganja sakafuni. Magoti yakalia. Akasimama. Akaukunja mkeka wake mwenyewe, akauweka kwapani, akaenda mlangoni mbio mbio huku akitukana. Mguu ulipokuwa unapaa juu ya kizingiti, Leokadia akasema, "Simama kwanza."

Angeweza kunyamaza. Nusu hatua ilibaki. Huko bondeni Injinia Kiwale alikuwa ameshaketi mbele ya kitufe chake.

"Ukivuka hapo hutarudi, bibi. Nyumba hii nitaifagia. Na huko mji mpya hakuna chumba cha dada yako, sikukijenga. Wanawake waliokuacha hawakukukimbia. Mimi ndiye niliyewaondoa bila kujua. Niliona nyumba haina kufuli nikadhani haina kitu."

Bi. Somoe alisimama mguu mmoja ndani. Alirudisha macho chumbani, akatazama mikeka, akatazama bati.

"Wewe ndiye."

"Ndiyo, bibi."

"Basi faini yako ni hii, Mngoni. Huko tuendako, mtu asisalimiane na mtu, asile, asimwite mkewe wala mumewe, mpaka wote waje tuanue matanga ya dada yangu kama watu. Wote. Na Shamte wako. Na wewe usimwite. Unalipa au hulipi?"

Leokadia alitazama kile kipimo cha Shamte ambacho hakuwa amekisoma hadi mwisho.

"Nalipa."

"Haya. Na ushuke kwenye kinu changu."

Akavuka.

* * *

Taa ya ufagio ikawaka. Namakoro kuukuu ikaondoka na bati lake, na ile mpya ikafungua macho.

"Umekata?" Injinia akauliza kwenye simu, sauti ikiwa ndogo.

"Hapana. Ameinuliwa."

"Ameinuliwa na nani?"

"Ni habari ndefu, Injinia. Nenda ukale."

Aliketi mbele ya kipaza sauti akiwa amekizima. Kusikia alisikia kila kitu, na dakika ilikuwa dakika. Aliwasikia watu elfu tatu wakishangaa mara moja, kisha sauti ya Bi. Somoe ikiwakemea. Aliisikia mikeka ikitandikwa upya. Maji yakachotwa, safari hii na aliyechota akarudi. Wanawake wakalia, wanaume wakakohoa barazani, na katikati ya kikohozi cha wote akakisikia kikohozi kimoja, kikavu, chenye mkwaruzo mwishoni, ambacho angekitambua hata katika soko linaloungua. Kidole chake kikaenda kwenye kipaza sauti. Akakirudisha. Alikuwa amesubiri miaka, lakini hakuna siku aliyosubiri kama mchana ule, kwa kuwa sasa mumewe alikuwa karibu, hatua chache za sauti, na hakujua kama anakumbukwa.

Jivu likazolewa. Nyumba ikafagiliwa. Mtu mmoja akaondoka kwenye kundi, nyayo zake zikaja upande wa redio.

"Mngoni wangu? Uko hapo?"

Akakiwasha kipaza sauti.

"Nipo, baba."

"Bado tuko msibani, wanakunja mikeka. Nisubiri kidogo."

Leokadia aliegemeza paji la uso ukutani, penye baridi. Neno hilo alikuwa amelisikia mara nyingi, na kila mara lilimgharimu msimu mzima. Safari hii hata chai yake haikupoa. Mlango wa chumba cha redio ulilia, kiti kikavutwa, na Shamte akasema, "Haya mama, nambie."

* * *

Hapo nilikuwa nimeshajifuta jasho la usimulizi, wasikilizaji wangu wananitazama kwa heshima, ndipo Ngatuni fundi baiskeli, Mngindo wa Liwale, akanyoosha kidole chake cha grisi.

"Mzee Komba. Mlinzi wa kituo kile alikuwa shangazi yangu."

Nikajikuna, Mngoni mimi.

"Mlinzi alikuwa Mngindo," akaendelea. "Mfiwa ndiye aliyekuwa Mngoni. Na kinu kilichoibwa kilikuwa cha Wangoni, nacho hakikuwa na ufa, ila kilikuwa kichafu."

Baraza zima likaangua kicheko. Niliapa mara ya pili, hawakunisikia. Mtani akikamatwa anaongopea utani wenyewe, faini yake ni jogoo, wala hakuna mahakama ya rufaa. Nikaenda nyuma ya nyumba nikamkamata yule mwekundu niliyekuwa nikimlisha kwa ajili ya Krismasi, nikamkabidhi.

"Kabila nimegeuza," nikamwambia. "Lakini yule mwanamke kufuta vioo peke yake kila asubuhi, hapo sijaongeza kitu."

Ngatuni akaacha kucheka. "Hapo hujaongeza," akasema. "Shangazi mwenyewe, akitusimulia, alipunguza."

Akaondoka na jogoo kwapani. Alipofika njiani akasimama, akaitazama nyumba yangu, ambayo tangu mama watoto aondoke moshi wake ni mmoja kwa siku. Akarudi, akaomba kisu. Alichinja mwenyewe, maana yeye ni Mwislamu na mkono wangu wa Kikatoliki hauamini, mimi nikanyonyoa.